Soma Barua ya Shirika Kabla ya Kuripoti

Likizo ndefu ya vyuo inapokaribia, wanafunzi wa sheria, sosholojia, uanahabari na maendeleo ya jamii katika Kaunti ya Kilifi huanza kubisha hodi kwenye mashirika yasiyo ya kiserikali. Nafasi zimekuwa haba zaidi tangu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mnamo Januari 2025, kwani miradi mingi iliyotegemea fedha hizo ilifungwa au kupunguza wafanyakazi. Katika uhaba huo ndipo mwanafunzi hukubali lolote. Anayekupigia simu akitaka umtumie pesa ili "akuwekee nafasi", mkatie.

Kwanza, fahamu unachotafuta. Mafunzo ya nyanjani ni sehemu ya kozi: chuo hukupa barua ya utangulizi, mhadhiri huja kukukagua na unapewa alama. Uanagenzi ni wa aliyekwisha kuhitimu. Anayeomba uanagenzi akiwa bado mwaka wa tatu hupoteza muda wake na wa anayesoma barua yake.

Pili, uliza shirika limesajiliwa wapi. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika Mei 2024, na usajili sasa uko chini ya mamlaka iliyochukua nafasi ya ile bodi ya zamani ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Vikundi vya kijamii husajiliwa kwa Sheria ya 2022, na afisa wa maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo anaweza kukueleza kama anakijua kikundi hicho.

Barua ya kukubaliwa ndiyo yenye uzito. Itaje tarehe za kuanza na kumaliza, jina la msimamizi wako, kazi utakazofanya na bima inayokulinda. Ihusu pia nauli. Mafunzo mengi hayana malipo, na hilo si kosa ikiwa mmeelewana mapema. Lakini mwanafunzi anayeishi Kilifi mjini akitumwa Bamba mara tatu kwa wiki kwa pesa zake atakuwa ameacha kufikia mwezi wa pili.

Katika mashirika ya utetezi, kazi yenyewe ina mafunzo ambayo darasa haliwezi kutoa. Kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mikakati ya fedha kufikia Februari 28 na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mwanafunzi anaweza kusoma nyaraka hizo na kuwaeleza wananchi wa wadi, kabla ya kikao cha maoni, kama zahanati yao imetengewa fedha. Anaweza pia kuandika ombi la habari chini ya Sheria ya 2016, ambayo huipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Naam, huenda ombi hilo likatua mezani petu. Lileteni, ofisi hii ipo kwa kazi hiyo.

Kuna kazi moja ambayo mwanafunzi hapaswi kuachiwa peke yake: kuchukua maelezo ya mtoto aliyenajisiwa au familia inayofurushwa kwenye ardhi. Swali likiulizwa vibaya, mtoto huumia upya na kesi huharibika mahakamani. Omba ufuatane na afisa mwenye uzoefu. Majina na picha za watu hao zisiingie kwenye simu yako wala kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu hata mwanafunzi. Ripoti ya chuo inaweza kuandikwa bila jina la mwathiriwa wala kijiji chake.

Kitabu cha kumbukumbu kitiwe sahihi kila wiki. Msimamizi akihama au mradi ukifungwa katikati, kurasa zilizokwisha kutiwa sahihi ndizo utakazompelekea mhadhiri.