Kaburi la Kibarua wa Tolpuddle

Katika kijiji cha Tolpuddle, jimbo la Dorset, kusini mwa Uingereza, kwenye makaburi ya kanisa la Mtakatifu Yohana, limesimama jiwe la marehemu James Hammett, kibarua wa shamba aliyezaliwa mwaka 1811 akafariki mwaka 1891. Tunalitaja jiwe hili kwa sababu lilichelewa miaka 43 kufika mahali pake.

Mwaka 1834 vibarua 6 wa kijiji hicho, Hammett akiwamo, walihukumiwa kifungo cha miaka 7 na kupelekwa Australia. Ujira wao ulikwisha shushwa kutoka shilingi 9 kwa juma hadi 8, kisha 7, na makabaila wakatishia kuufanya 6. Wakaunda chama, wakala kiapo. Chama chenyewe hakikuwa haramu, kwani sheria ya kuvizuia vyama ilikwisha futwa mwaka 1824. Basi watawala wakafukua sheria ya viapo ya mwaka 1797, iliyotungwa kwa ajili ya maasi ya mabaharia! Ujanja wa namna hii hauhitaji maelezo mbele ya watu waliopata kutawaliwa.

Kuhusu Hammett kuna jambo la ziada. Inasimuliwa kwamba aliyehudhuria kile kiapo hakuwa yeye, bali nduguye John, ambaye mkewe alikuwa mja mzito. Hammett akanyamaza, akachukua adhabu ya nduguye. Huko Australia, kwa maneno yake mwenyewe, aliuzwa kama mtumwa kwa pauni 1.

Malalamiko ya wafanyakazi yalileta msamaha mwaka 1836. Wenzake 5 hatimaye walihamia Kanada. Yeye peke yake alibaki kijijini. Uzeeni akapofuka, na ili asiwe mzigo kwa jamaa zake akaingia katika nyumba ya mafukara mjini Dorchester, akafia humo. Siku ya maziko, husimuliwa, kabaila wa kijiji alisimama kaburini kuhakikisha kwamba hapatolewi hotuba ya chama. Maiti hana ulimi, lakini bado aliogopwa.

Jiwe lilichongwa na Eric Gill, na mwaka 1934 likafunuliwa na George Lansbury, kiongozi wa chama cha Labour wakati huo. Mwaka huohuo vyama vya wafanyakazi vilijenga kijijini nyumba 6 za vibarua wazee wa mashamba. Kila Julai wafanyakazi huandamana Tolpuddle na kuweka mashada juu ya kaburi la Hammett.