Mtoto akilalamika kichwa, usimwite mvivu
Kipandauso hurithiwa. Mzazi aliyezoea kujifungia gizani akikwepa mwanga asishangae mwanawe akifanya vivyo hivyo. Kwa watoto, maumivu mara nyingi hushika pande zote mbili za kichwa na huja na kutapika, ndiyo maana hudhaniwa kuwa malaria, au ujanja wa kukwepa shule.

Kuna vimeng'enya vinavyochunguzwa. Kimoja, MTHFR, hushughulikia folati, vitamini ya mboga za majani na maharage. Aliyerithi aina yake dhaifu kwa baba na mama huweza kuwa na homosisteini nyingi katika damu, hasa folati ikipungua, nayo huchangia kemikali kali za oksijeni zinazoumiza mishipa. Baadhi ya tafiti zimeihusisha na kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni. Nyingine hazikuona hivyo. Basi fedha ya kipimo cha vinasaba nunulia mchicha.

Njaa na usingizi mfupi huchochea kipandauso, na mtoto anayepanda basi la shule alfajiri bila chai anavyo vyote viwili. Aspirini usimpe. Dawa za maumivu zikimezwa karibu kila siku, zenyewe huleta maumivu. Kichwa kikiuma ghafla kwa nguvu, au pamoja na homa na shingo kukakamaa, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.