Nyuzijoto Mbili za Kidung'ata

Geuza jani la mpapai lililoanza kujikunja. Kando ya mishipa utawakuta wadudu wadogo wa manjano wamejibanza, miili imefunikwa unga mweupe wa nta, na majike wameburuta mikoba ya nyuzi laini kama pamba, imejaa mayai. Huyo ni kidung'ata wa mipapai, Paracoccus marginatus, jamaa ya wadudu gamba. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Pwani yetu ya Kenya aliingia katikati ya miaka ya 2010.

Mdudu hatengenezi joto lake mwenyewe, hukua kwa lile la hewa. Utafiti uliofanyika maabara huko Florida na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba chini ya nyuzijoto 13.9 ukuaji wa jike husimama. Juu ya hapo, kila nyuzi inayozidi kwa siku hujumlishwa. Jumla ikifika 294, yai limeshakuwa jike mzima.

Tupige hesabu. Wastani wa siku ukiwa 26, kama Mombasa, mdudu hukusanya nyuzi 12 na ushei kila siku, na siku 24 zinamtosha. Ukipanda hadi 28, anaokoa siku tatu tu. Sasa nenda kwenye miinuko yenye wastani wa 18: huko anahitaji siku 72. Ongeza nyuzijoto mbili zilezile, siku zinashuka hadi 48! Kwa hiyo tishio la ongezeko la joto naliona zaidi bara, kwa wakulima waliozoea kulindwa na baridi bila kujua. Na uzazi wake si haba: katika utafiti huohuo, kwenye nyuzijoto 25, kila jike alitaga mayai 300 kwa wastani.

Joto kali nalo humshinda. Katika 34 na 35 mayai yaliangulika ndani ya siku sita, lakini watoto hawakuendelea kukua. Katika 37 hakuna yai lililoangulika. Ila vyumba vya maabara havikupoa usiku. Shambani jua la mchana hupita, na chini ya jani kuna kivuli, kwa hiyo mkulima wa Kwale asitegemee joto la Februari limfanyie kazi.

Akague majani kila wiki, awawahi watoto wachanga kabla nta haijawa nene, maana hao maji ya sabuni huwapata. Jike mzima ndani ya nta yake, hata dawa kali humkosa, ikaishia kuua nyigu wadogo wanaomla.