Jiko la mkaa chumbani: Hatari isiyo na harufu Nyanda za Juu Kusini

KIPUPWE kinapoingia, kuanzia Juni hadi Agosti, wakazi wa Mbeya na Iringa hutoa makoti na mablanketi mazito kabatini. Usiku unapokuwa mkali zaidi, baadhi yao huchukua hatua nyingine: jiko la mkaa lililomaliza kupika chakula cha jioni huingizwa chumba cha kulala, mlango ukafungwa, na familia ikalala.

Ni hatua inayoonekana ya kawaida, kwa sababu mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi wala haukeri macho. Hapo ndipo ilipo hatari. Hewa inayotoka katika makaa hayo haionekani, haina harufu, na inaweza kuua watu waliolala bila hata mmoja wao kuamka.

Suala la kupasha nyumba joto halizungumzwi sana nchini, pengine kwa kuwa sehemu kubwa ya nchi husumbuliwa zaidi na joto. Mkazi wa Dar es Salaam huwaza feni na kiyoyozi. Mkazi wa Mbeya, jiji lililo takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, huwaza namna ya kuvuka usiku ambao joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Sentigredi. Mji wa Iringa nao uko juu ya mita 1,500, na Mufindi ni baridi zaidi.

Mkaa huua vipi

Mkaa ukiungua mahali penye hewa ya kutosha, sehemu kubwa ya kaboni yake huungana na oksijeni na kuwa hewa ukaa. Hewa inapokuwa haba, uunguaji hauwi kamili na hutokea gesi nyingine iitwayo kaboni monoksidi. Jiko la mkaa hutoa gesi hiyo hata likiwa uani, lakini huko upepo huitawanya. Chumbani hujikusanya.

Katika chumba chenye upana na urefu wa mita tatu, na kimo cha chini ya mita tatu, kuna hewa isiyozidi mita za ujazo 27. Madirisha yakifungwa na nafasi chini ya mlango ikizibwa kwa nguo ili kuzuia baridi, oksijeni hupungua huku gesi yenye sumu ikiongezeka. Kadiri oksijeni inavyopungua, ndivyo jiko linavyozidi kutoa sumu.

Mtu akivuta gesi hiyo, huingia katika damu na kujishikiza kwenye himoglobini, chembe zinazobeba oksijeni. Nguvu yake ya kujishikiza inazidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Hivyo hata kiasi kidogo chumbani huchukua nafasi kubwa katika damu, na ubongo na moyo hukosa oksijeni ingawa mtu anaendelea kupumua.

Mwinuko wa nchi huongeza tatizo. Katika kimo cha Mbeya, kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na pwani. Mwili unaoanza na akiba ndogo hudhurika mapema zaidi.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika miongozo yake ya mwaka 2021, linapendekeza kuwa wastani wa gesi hiyo kwa saa 24 usizidi miligramu nne katika kila mita ya ujazo ya hewa. Jiko linalowaka katika chumba kilichofungwa hupita kiwango hicho kwa mbali.

Dalili na huduma ya kwanza

Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kuishiwa nguvu. Nyingi hufanana na za malaria au uchovu, na ndiyo maana watu huzipuuza. Dalili inayopaswa kuamsha shaka ni pale watu wawili au zaidi wa nyumba moja wanapougua kwa wakati mmoja, kisha wakapata nafuu wanapotoka nje.

Aliyelala hapati nafasi ya kuzitambua dalili hizo. Usingizi wake huzidi kuwa mzito hadi anapoteza fahamu. Walio katika hatari kubwa zaidi ni watoto wachanga, wajawazito na mimba zao, wazee, na wenye maradhi ya moyo.

Anayekuta watu katika hali hiyo anapaswa kwanza kufungua milango na madirisha, kuwatoa nje wagonjwa, kisha kulitoa jiko. Asikae ndani kwa muda mrefu, kwani naye anaweza kuanguka. Wagonjwa wafikishwe hospitali haraka ili wapewe oksijeni. Katika hewa ya kawaida, gesi iliyomo kwenye damu huchukua takriban saa nne hadi tano kupungua kwa nusu. Kwa oksijeni safi muda huo hushuka hadi kama saa moja na nusu. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Kumnywesha mgonjwa maziwa hakusaidii, kwa kuwa sumu haimo tumboni bali katika damu. Tena, kumnywesha aliyepoteza fahamu kunaweza kumpalia.

Vivyo hivyo, kuweka sufuria ya maji juu ya jiko au beseni la maji pembeni hakuondoi sumu. Kaboni monoksidi huyeyuka kwa shida mno katika maji. Maji hayo huongeza unyevu tu, na mwenye nyumba hulala akiamini amejikinga.

Nyumba za jana na za leo

Wapo wanaohoji: mbona wazee waliota moto ndani miaka yote? Jibu limo katika ujenzi. Tembe za Wahehe na nyumba za mianzi za Wanyakyusa hazikuwa zimebana. Moshi ulipenya katika paa na kuta, na hewa mpya iliingia katika nyufa zile zile. Moto wa kuni nao ulitoa moshi uliowasha macho, na mtu alilazimika kutoka au kufungua mlango.

Hilo halina maana kwamba moshi ule haukuwa na madhara. WHO inakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 pekee. Tofauti ni kwamba moshi wa kuni hudhuru mapafu polepole, wakati mkaa katika chumba kilichobana unaweza kuua kwa usiku mmoja.

Nyumba za sasa za matofali ya saruji, zenye dari na madirisha ya vioo na aluminiamu, hubana hewa vizuri. Ubora huo wa ujenzi ndio unaolifanya jiko la mkaa kuwa hatari kuliko lilivyokuwa katika nyumba ya bibi. Waliojenga kwa kutarajia moto ndani, kama wenye nyumba za zamani katika mashamba ya chai, waliweka mahali pa moto ukutani na bomba la kutolea moshi juu ya paa. Jiko la mkaa halina bomba.

Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Mkakati huo unahusu kupika. Hata hivyo, kwa kaya nyingi za nyanda za juu, jiko linalopika ndilo linalopasha joto. Kaya inayohamia gesi kwa kupikia inaweza kuendelea kununua mkaa kwa ajili ya baridi tu, kama haikupata njia nyingine ya kujikinga.

Hewa ipite wapi

Kanuni ya msingi ni kwamba hakuna moto usio na bomba unaofaa kuwaka katika chumba cha kulala, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Mkaa hupikia nje au jikoni penye matundu, na hubaki huko hadi uzime kabisa. Makaa yaliyofunikwa majivu bado hutoa sumu. Onyo hilo linawahusu pia wanaolea vifaranga kwa vyungu vya mkaa katika chumba wanacholala watu, na wanaowasha jenereta ndani au barazani karibu na dirisha.

Nyumba nzima huhitaji matundu ya aina mbili: ya chini yanayoingiza hewa baridi, na ya juu karibu na dari yanayotoa hewa ya moto. Hewa ya moto hupanda, na kupanda kwake huvuta hewa mpya kutoka chini bila kuhitaji umeme. Kuyaziba matundu hayo wakati wa kipupwe ni kuizuia nyumba isipumue.

Joto lenyewe huweza kutunzwa bila moto. Bati lisilo na dari hupoteza joto kwa kasi usiku, na kuweka dari ni miongoni mwa hatua zenye manufaa makubwa zaidi. Kwa anayejenga, dirisha kubwa likielekezwa kaskazini hupokea jua la Juni na Julai, kwa kuwa miezi hiyo jua hupita upande wa kaskazini wa anga ya Mbeya na Iringa. Sakafu na kuta zilizopata jua mchana hurejesha sehemu ya joto hilo jioni. Mapazia mazito, blanketi la ziada na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa humaliza kazi kwa gharama ndogo.

Umeme na hesabu yake

Hita ya umeme haitoi kaboni monoksidi. Tatizo lake ni gharama. Hita ya wati 2,000 inayowaka bila kukatika hutumia uniti mbili kwa saa. Ikiwashwa saa tatu kila usiku ni uniti sita, na kwa siku 30 ni uniti 180. Mteja mdogo wa nyumbani aliye katika kundi la bei nafuu, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, atauvuka ukomo huo kwa hita peke yake.

Wauzaji husifu hita za mafuta, za feni au za nyuzi kuwa zinabana matumizi, lakini kwa kila uniti ya umeme zote hutoa kiasi kile kile cha joto. Kinachopunguza gharama ni kupasha chumba kimoja, kwa muda mfupi, kabla ya kulala. Hita ichomekwe moja kwa moja ukutani, si kwenye waya wa kuunganishia wenye vifaa vingine, na iwe mbali na mapazia na chandarua.

Mashine inayotoa joto zaidi ya umeme inaoula ni kiyoyozi chenye uwezo wa kugeuza mzunguko. Kiyoyozi hakitengenezi baridi, bali huhamisha joto. Kompresa husukuma gesi maalumu kwenye mabomba. Gesi hiyo hufyonza joto upande mmoja na kulitua upande mwingine. Mzunguko ukigeuzwa, joto hufyonzwa kutoka hewa ya nje, hata kama ni baridi, na kuletwa ndani. Uniti moja ya umeme huweza kuleta joto la uniti tatu hivi. Anayenunua kiyoyozi aulize kama kinapasha joto pia, kwani vingine hupoza tu.

Baridi yenye thamani

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayobeba sehemu ya uchumi wa ukanda huu. Maziwa yanayokusanywa na wasindikaji, kama kiwanda cha Asas cha Iringa, hupaswa kupozwa mapema hadi karibu nyuzi nne ili bakteria wasizaliane. Baridi ya asubuhi ya Rungwe au Mufindi haitoshi kufanya kazi hiyo.

Parachichi aina ya Hass, linalolimwa Rungwe, Njombe na Iringa, huhitaji baridi ya takriban nyuzi tano hadi sita tangu chumba cha ubaridi hadi kontena la melini. Joto likizidi, tunda huiva njiani. Baridi ikizidi, nyama yake huwa nyeusi. Soko la China, lililofunguliwa kwa parachichi la Tanzania mwaka 2022, liko mbali kwa safari ya wiki kadhaa baharini, na hitilafu ya siku moja huonekana tunda linapokatwa. Chanjo hospitalini nazo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi mbili na nane.

Mitambo hiyo inahitaji mafundi wenye ujuzi. Gesi ya R22, iliyozoeleka katika viyoyozi vya zamani, inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, na kwa nchi zinazoendelea mwaka wa kuikomesha ni 2030, isipokuwa akiba ndogo ya matengenezo. Baadhi ya gesi mbadala hushika moto. Fundi asiyefunzwa anayezichanganya huharibu mashine na kuhatarisha nyumba. Fani ya majokofu na viyoyozi hufundishwa na VETA, na mteja ana haki ya kuuliza cheti.

Kwa kaya nyingi, hata hivyo, mashine hizo bado ni ndoto, na usiku wa baridi hausubiri. Kinga iliyo ndani ya uwezo wa kila mmoja haina gharama: kabla ya kuzima taa, jiko libaki nje.