Ushuru: Pa kutafuta msaada kabla ya Juni 30

KILA mwaka ifikapo wiki ya mwisho ya Juni, foleni ndefu hushuhudiwa katika ofisi za Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) na katika vituo vya Huduma Centre. Wengi wanaopanga foleni hizo huwa na swali moja: nani atanisaidia kujaza taarifa ya ushuru wa mapato, maarufu kama ritani, kabla ya muda kuyoyoma?

Sheria inamtaka kila mwenye nambari ya PIN iliyosajiliwa kwa ushuru wa mapato kueleza mapato yake ya Januari 1 hadi Desemba 31 kufikia Juni 30 ya mwaka unaofuata. Anayechelewa hutozwa faini ya Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaopaswa kulipwa kwa mujibu wa taarifa hiyo, kutegemea kiasi kilicho kikubwa. Kwa hivyo, ikiwa ushuru huo ni Sh60,000, faini itakuwa Sh3,000 wala si Sh2,000.

Baadhi ya wafanyakazi hudhani kwamba kwa kuwa mwajiri hukata ushuru wa PAYE kila mwezi, wajibu wao umekamilika. Hiyo si kweli. Mwajiri hukata na kupeleka pesa, lakini taarifa ya mwaka ni mzigo wa mfanyakazi mwenyewe.

Ni kwa sababu hiyo mwajiri humpa kila mfanyakazi fomu ya P9, ambayo huonyesha mshahara, makato na ushuru uliolipwa mwezi baada ya mwezi. Aliyehama kazi katikati ya mwaka anahitaji fomu mbili, moja kutoka kwa kila mwajiri. Akiitumia moja tu, sehemu ya mapato yake itakuwa imefichika hata kama hakukusudia kudanganya.

Naye aliyefanya kazi mbili kwa wakati mmoja asishangae akijikuta anadaiwa. Kila mlipa ushuru mkazi hupunguziwa Sh2,400 kwa mwezi, yaani Sh28,800 kwa mwaka. Nafuu hiyo ni moja kwa mtu mmoja. Iwapo waajiri wote wawili waliitoa, hesabu ya mwisho wa mwaka itafichua upungufu, na tofauti hiyo itabidi ilipwe.

Tangu mfumo wa iTax ulipochukua nafasi ya karatasi, wengi wasio na kompyuta wamekimbilia mikahawa ya intaneti, maarufu kama saiba. Huduma huko huwa ya haraka, ila haraka hiyo ina hatari zake.

Hatari ya kwanza ni mhudumu kujaza kwamba mteja hakupata mapato yoyote, hata kama mteja huyo ameajiriwa. Njia hiyo humaliza kazi kwa dakika chache, lakini ni taarifa ya uongo. Ilhali rekodi za mwajiri, ambazo pia ziko KRA, zinaonyesha mshahara. Atakayeulizwa ni mwenye PIN, si mhudumu. Taarifa ya kutokuwa na mapato inawafaa wasiopata chochote mwaka mzima, mathani wanafunzi na wasio na kazi.

Hatari ya pili ni nenosiri. Kuna wahudumu ambao husajili akaunti ya mteja kwa anwani yao wenyewe ya baruapepe. Mteja akisahau nenosiri, ujumbe wa kulibadilisha humfikia mtu mwingine. Hakikisha anwani iliyosajiliwa ni yako, na ubadilishe nenosiri mara tu unaposaidiwa na mtu yeyote.

Je, msaada salama unapatikana wapi? Mahali pa kwanza ni ofisi za KRA na madawati yake katika vituo vya Huduma Centre. Huko hutozwi chochote. Beba kitambulisho, nambari ya PIN, nenosiri na fomu ya P9. Aliye na bima ya maisha au elimu abebe pia cheti chake, kwani asilimia 15 ya malipo ya bima hiyo hupunguzwa kwenye ushuru, mradi nafuu isizidi Sh60,000 kwa mwaka.

Mwenye biashara, nyumba za kukodisha au mapato mengine mbali na mshahara huenda akahitaji mtaalamu. Sheria inatambua mawakala wa ushuru waliopewa leseni, na tovuti ya iTax ina sehemu ya kukagua iwapo wakala fulani ni halali. Kagua kabla ya kulipa. Ni vyema pia kukubaliana ada mapema.

Yeyote atakayekusaidia, usiondoke kabla ya kusoma yaliyojazwa na kupewa risiti inayothibitisha kuwa taarifa imepokewa. Linganisha takwimu zake na P9. Ukigundua kosa baadaye, usilifumbie macho: iTax inaruhusu taarifa kurekebishwa.

Jambo la mwisho ni wakati. Makosa mengi hutokana na pupa ya siku za mwisho, wakati mitambo imelemewa na wahudumu wamechoka. Fomu ya P9 huwa tayari miezi kadhaa kabla ya Juni. Anayeiomba mapema hupata nafasi ya kuuliza, kusoma na kurekebisha. Anayengoja hadi dakika ya mwisho hulazimika kumwamini yeyote aliye karibu na kompyuta.