Je, Vyuo Vidogo Vinaweza Kushindana na Vikubwa katika Mpira wa Kikapu?

Na Mwandishi Wetu, Moshi

Eneo la Moshi lina vyuo vya kila ukubwa. Mjini kipo Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi (MoCU), kilichoanza mwaka 1963 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Katika tambarare ya mpunga ya Chekereni kipo kituo cha mafunzo ya kilimo cha KATC. Taasisi za ukubwa tofauti namna hii zinapofikiria kuanzisha timu za mpira wa kikapu, uongozi wa chuo kidogo hauna budi kujiuliza iwapo fedha chache za michezo zitazaa ushindani wa kweli au aibu.

Jibu limo katika kanuni za mchezo wenyewe. Mechi ya kimataifa huchukua dakika 40, na kila timu huwa na wachezaji watano uwanjani. Hivyo timu huhitaji jumla ya dakika 200 za uchezaji. Chuo chenye wachezaji 12 wenye uwezo hugawa wastani wa dakika 17 kwa kila mmoja. Chenye wachezaji saba wa kutegemewa humdai kila mmoja takriban dakika 29. Aidha, mchezaji anayefikisha makosa matano hutolewa na harejei, na pengo lake huonekana zaidi katika kikosi chembamba.

Hata hivyo, kwa mechi moja lolote laweza kutokea. Nchini Marekani, timu zilizopangwa nafasi ya kwanza katika mashindano ya vyuo zilikuwa zimezishinda zile za nafasi ya 16 mara 135 mfululizo. Machi 16, 2018, chuo cha UMBC cha Maryland kiliuvunja mwiko huo kwa kuifunga Virginia alama 74 kwa 54. Siku mbili baadaye UMBC ilifungwa na Kansas State 50 kwa 43 na kuaga mashindano.

Funzo ni kwamba chuo kidogo kinaweza kushinda siku moja, lakini udogo wa kikosi humuumbua mchezaji mechi zinapofuatana. Kwa sababu hiyo, mbinu yake ni kupunguza idadi ya mashambulizi kwa kutumia vizuri sekunde 24 zinazoruhusiwa, na kuepuka makosa yasiyo ya lazima. Waandaaji nao wanaweza kusaidia kwa kuweka siku ya mapumziko kati ya mechi.

Njia nyingine ni mchezo wa watatu kwa watatu, ulioingia Olimpiki katika michezo ya Tokyo. Huchezwa nusu uwanja kwa dakika 10, au hadi timu ifikishe alama 21, na kila timu huwa na mchezaji mmoja tu wa akiba. Hapo chuo chenye vijana wanne hodari husimama sawa na chenye maelfu ya wanafunzi.

Kwa chuo kidogo, basi, hatua ya busara ni kuanza na wanne hao, kisha kujenga kikosi kamili kadiri udahili unavyoongezeka.