Ebola Humpata Anayeuguza na Anayezika

Kila mara Ebola inapozuka kwa jirani zetu wa Uganda au Kongo, wagonjwa hunijia wakiwa na swali lile lile: je, daktari, naweza kuambukizwa ndani ya matatu? Hofu hiyo naielewa, kwa maana mle watu hubanana bega kwa bega. Lakini, msomaji, Ebola haienei hewani kama surua. Aliyeambukizwa hawezi kumwambukiza mwenzake mpaka aanze kuugua, na dalili huchukua siku 2 hadi 21 kujitokeza. Akishaanza kuugua, virusi huwamo katika damu, matapishi, kinyesi na majimaji mengine ya mwili, na kadiri anavyozidiwa ndivyo vinavyoongezeka. Huingia kwa mtu mwingine kupitia michubuko, macho, pua au mdomo.

Yatafakari hayo nawe utaona ni nani aliye hatarini. Ni mama anayepangusa matapishi, dada anayefua mashuka, muuguzi asiye na glavu, na jamaa wanaoosha maiti. Watu hawa huambukizwa kwa sababu hawakumtoroka mgonjwa wao. Kwa hiyo kuwaambia wananchi "msiwaguse wagonjwa" na kuondoka ni kazi bure. Hakuna mama atakayekusikiliza.

Maiti ndiyo hatari kuliko yote, kwa kuwa marehemu hufa virusi vikiwa vimemjaa mwilini. Mwezi Agosti 2014, Ebola ilipokuwa ikiangamiza watu Afrika Magharibi, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba asilimia 60 hivi ya wagonjwa wa Guinea walihusishwa na desturi za mazishi. Huko, kama kwetu, marehemu huoshwa, huguswa na kuagwa. Mwanzoni serikali zilituma watu waliojifunika gubigubi, maiti ikatiwa kwenye mfuko wa plastiki na kuzikwa haraka, pengine jamaa wasijue kaburi liko wapi. Matokeo yake? Watu walianza kuficha wagonjwa na kuzika usiku wa manane.

Novemba mwaka huo Shirika hilo lilitoa mwongozo mpya uliotayarishwa pamoja na viongozi wa Kikristo na Kiislamu. Jamaa waliruhusiwa kushiriki mazishi, kuomba dua wakiwa mbali kidogo, hata kuchimba kaburi. Kwa Waislamu, palikuwa na nafasi ya tayamamu kufanywa na kikosi kilichovaa mavazi ya kujikinga, badala ya kuosha kwa maji. Kwa maoni yangu mwongozo huo ulikuja ukiwa umechelewa, lakini ulikuwa na busara kuliko amri zote zilizoutangulia.

Huenda ukasema hayo ni mambo ya vijijini. Basi tutazame Lagos, jiji lenye mamilioni ya watu. Tarehe 20 Julai 2014 msafiri kutoka Liberia alitua huko akiwa mgonjwa. Daktari Ameyo Adadevoh alikataa katakata kumruhusu aondoke hospitalini, ijapokuwa alishinikizwa. Daktari huyo mwenyewe aliambukizwa, akafariki tarehe 19 Agosti. Nao maafisa wa afya waliandika majina ya watu wapatao 894 waliokuwa karibu na wagonjwa, wakawatembelea na kuwapima joto kwa siku 21. Nigeria nzima ilipata wagonjwa 20 tu, wakafa 8, na tarehe 20 Oktoba ikatangazwa kuwa haina Ebola tena. Chanjo haikuwapo wakati huo. Palikuwa na kipimajoto, kalamu, na watu waliokubali kusema nani alimgusa nani.

Ervebo, chanjo iliyoidhinishwa 2019, hukinga dhidi ya Ebola ya aina ya Zaire. Haikingi dhidi ya aina ya Sudan, ile iliyozuka Uganda mwaka 2022 na tena Kampala mwaka 2025. Mgonjwa wa kwanza kutambuliwa katika mlipuko huo wa 2025 alikuwa mhudumu wa afya ambaye alizunguka hospitali kadhaa, na hata kwa mganga wa kienyeji, kabla ugonjwa wake kujulikana.

Ugumu wenyewe ni huu: mwanzoni Ebola hufanana na malaria au homa ya matumbo. Joto hupanda ghafla, kichwa na misuli huuma, koo huwasha, kisha kutapika na kuhara. Usisubiri kuona damu, kwani wengi hawatoki damu. Cha muhimu ni kumweleza daktari safari uliyotoka, mgonjwa uliyemuuguza, na matanga uliyohudhuria. Usione haya.

Ukimshuku mtu nyumbani, mpe chumba chake ikiwezekana, mmoja tu amhudumie, kisha mjulishe mhudumu wa afya ya jamii au hospitali ili aje kuchukuliwa. Usimpakie kwenye bodaboda. Usiguse uchafu wake kwa mikono mitupu. Maji na sabuni ni silaha kubwa, maana virusi hivi vina utando wa mafuta ambao sabuni huuvunja. Na mwanamume aliyepona atumie kondomu mpaka vipimo vya manii viwe safi, kwa sababu virusi huweza kujificha humo kwa miezi mingi.

Tuseme sasa jirani yako ameandikwa katika orodha ya kuchunguzwa. Hajaugua, ila lazima akae ndani siku 21. Kama ni mchuuzi, atakula nini? Wapangaji wenzake wachange unga, mboga na maji, wayaweke mlangoni pake kila siku. Mwenye nyumba asimfukuze, kwani akifukuzwa atapanda basi usiku aende kwao, na maafisa hawatajua pa kumtafuta.